Mlangoni pa Caravan Hall: Hadhira ya Hadithi za Kisayansi na Siku Yake ya Kwanza

Historia ya fasihi, jinsi tunavyoifundisha katika idara zetu, aghalabu ni historia ya watunzi na matini. Msomaji hutajwa pale tu anapohitajika kununua kitabu au kufasiri ishara. Makala haya yananuia kuichunguza siku moja ambapo wasomaji wenyewe walikodi ukumbi, wakawaalika watunzi na wahariri waje kuonana nao, kisha wakawafungia mlango wasomaji wenzao sita. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Julai 1939, jijini New York.

Utanzu unaohusika ni ule wa hadithi za kisayansi, ambao mpaka wake na fantasia haujawahi kuwa dhahiri. Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg, alianzisha jarida la Amazing Stories nchini Marekani mwezi wa Aprili 1926. Lililo muhimu kwetu si hadithi alizozichapisha, nyingi kati yake zikiwa chapwa, bali uamuzi wake wa kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Kijana aliyejidhani kuwa peke yake katika mapenzi yake ya roketi na sayari za mbali aligundua kwamba mwenziwe anaishi mitaa miwili tu kutoka kwake. Msomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, asingeyaona haya kuwa mageni. Yeye naye alizoea kumjibu kwa beti mshairi asiyepata kumwona kwa macho. Tofauti ni kwamba wasomaji wa Gernsback hawakutosheka na kurasa za barua. Walianza kutembeleana, kuunda vyama, na kuchapa majarida yao madogo kwa mashine za kurudufu.

Mojawapo ya vyama vya mwanzo kabisa, Scienceers, kiliundwa New York mwaka 1929. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mmarekani Mweusi, Warren Fitzgerald, na wanachama walikutana nyumbani kwake Harlem. Nimeitaja habari hii makusudi. Wale wanaodhani kwamba mtu mweusi ni mgeni aliyewasili juzi katika utanzu huu watapata shida kueleza jinsi mgeni alivyokuwa mwenye nyumba miaka kumi kabla ya mkutano tunaouzungumzia.

Mikutano midogo ilitangulia. Tarehe 3 Januari 1937 kikundi cha Waingereza, Arthur C. Clarke akiwa mmoja wao, kilikutana Leeds. Wamarekani nao hudai kuwa walitangulia kwa mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1936. Ubishi huo hautuhusu hapa. Mkutano wa 1939 ndio uliothubutu kujiita wa dunia, ingawa takriban wote waliohudhuria walikuwa Wamarekani. Jina hilo liliazimwa kutoka kwa Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yamefunguliwa New York mwezi wa Aprili mwaka huo, yakiwa na dhamira ya ulimwengu wa kesho. Waandalizi walitumaini kwamba atakayekuja kuyaona maonyesho atapitia kwao.

Ukumbi wenyewe, Caravan Hall, ulikuwa katika mtaa wa 59 Mashariki, Manhattan. Waliofika walikadiriwa kuwa mia mbili. Wengi wao walikuwa vijana ambao hawajafikia umri wa kupiga kura. Mwenyekiti, Sam Moskowitz, alikuwa ametimiza miaka 19 siku mbili tu kabla. Ray Bradbury, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa ametoka Los Angeles kwa basi, akivuka bara zima kwa nauli ya mkopo, na mizigoni mwake alibeba picha za rafiki yake, mchoraji Hannes Bok, ili azionyeshe kwa wahariri. Aliyemkopesha, Forrest Ackerman, alifika amevaa joho la mtu wa karne ijayo. Mwandani wake, Myrtle Douglas, ndiye aliyeyabuni na kuyashona mavazi hayo, lake na la Ackerman. Wote wawili walikuwa wapenzi wa Kiesperanto, na Myrtle alijulikana kwa jina la Morojo, lililoundwa kwa matamshi ya herufi katika lugha hiyo. Kama ilivyo ada ya historia, sifa ya kuanzisha desturi ya mavazi katika makongamano haya ilimwendea mvaaji, na mshonaji akasahauliwa kwa miaka mingi.

Mgeni wa heshima hakuwa mwandishi. Alikuwa Frank R. Paul, mzaliwa wa Austria, mchoraji aliyeipamba jalada la toleo la kwanza la Amazing Stories. Uteuzi huo unastahili kutafakariwa na sisi tunaolitukuza neno peke yake: kwa hadhira hii, sayari ngeni ilikuwa kwanza picha ya rangi kali kwenye meza ya muuza magazeti, ndipo ikawa sentensi. John W. Campbell, mhariri wa Astounding, alihudhuria. Filamu ya Metropolis, iliyotengenezwa Ujerumani na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1927, ilioneshwa bila sauti, jinsi ilivyotengenezwa. Paul alipopewa nafasi alizungumza juu ya hadithi za kisayansi kama roho ya ujana, akawasifu wasikilizaji wake kwa kuwa na akili za uasi, ambazo katika zama za kale zingewatia viongozi wao minyororoni.

Wakati huo waasi sita walikuwa nje.

Walikuwa wanachama wa Futurians, kikundi kilichoundwa New York mwaka 1938: Donald Wollheim, Frederik Pohl, John Michel, Robert Lowndes, Cyril Kornbluth na Jack Gillespie. Baadhi yao walikuwa na mwelekeo wa Kikomunisti, na tangu mwaka 1937 Michel na Wollheim walikuwa wakidai hadharani kwamba msomaji wa hadithi za kisayansi hana haki ya kuota mustakabali huku akiufumbia macho ufashisti uliokuwa ukiitafuna Ulaya. Moskowitz na wenzake walishikilia kwamba chama cha wasomaji si mahali pa siasa. Tusisahau pia kwamba pande zote mbili zilikuwa na chuki za zamani zisizohusiana na itikadi yoyote; vijana wa miaka 19 wanajua kuwekeana visasi.

Sababu iliyotolewa mlangoni ilikuwa kijikaratasi. Vilipatikana vijitabu vya rangi ya manjano vilivyoonya wajumbe juu ya udikteta wa kamati. Waandalizi waliamini kuwa ni kazi ya Futurians hao sita, wakawataka waahidi kutovuruga mkutano. Hawakukubali, wakazuiwa. Mwandishi halisi wa onyo hilo alikuwa David Kyle, ambaye hakushukiwa na aliingia bila kuulizwa neno. Isaac Asimov, naye Futurian, aliingia vilevile. Hadithi zake zilikuwa zimeanza kuchapishwa mwaka huohuo, na huenda mwandishi mchanga aliyechapishwa hakuonekana kuwa hatari. Baadaye katika kumbukumbu zake alikiri kuwa dhamiri ilimsuta kwa kubaki ndani.

Hapa ndipo mhakiki anapokabiliwa na tatizo la ushahidi. Historia ya kwanza ndefu ya mashabiki hawa, The Immortal Storm, iliyotoka kama kitabu mwaka 1954, iliandikwa na Moskowitz. Bawabu ndiye mwanahistoria. Anaandika kwa kina cha kushangaza, na hatuna budi kumshukuru, lakini katika simulizi yake kufungwa kwa mlango ni tendo la kujihami. Majibu yalichelewa: Damon Knight, aliyekuja kuwa Futurian baadaye, alichapisha historia ya kikundi hicho mwaka 1977, na Pohl alitoa tawasifu yake mwaka 1978. Maoni yangu ni kwamba katika jambo la msingi hawa wa pili wana hoja nzito zaidi. Mkutano unaojadili mustakabali wa binadamu, miezi miwili kabla ya Ujerumani kuivamia Polandi, na ambao unatangaza kwamba siasa haimo, umekwisha kuchagua siasa yake.

Hata hivyo mlango haukuwazuia kwa muda mrefu. Pohl alikuwa mhariri wa jarida la Astonishing Stories kufikia mwanzoni mwa 1940, akiwa na miaka 20, na rafiki zake waliokataliwa wakapata mahali pa kuchapisha. Wollheim alihariri mkusanyo wa The Pocket Book of Science-Fiction mwaka 1943, na mwaka 1971 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji. Kongamano lenyewe liliendelea Chicago mwaka 1940 na Denver mwaka 1941, likasimamishwa na vita, likafufuka Los Angeles mwaka 1946. Tangu 1953 limekuwa likitoa tuzo zenye jina la Gernsback. Kuhusu tuzo za mwaka 2023, zilizotolewa Chengdu, Uchina, takwimu zilizotangazwa mwezi wa Januari 2024 zilionyesha kuwa riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, miongoni mwa nyingine, iliondolewa bila maelezo. Barua zilizofichuliwa mwezi uliofuata zilibainisha kwamba wasimamizi walikuwa wakiwapekua waandishi kwa ajili ya lolote linaloweza kuiudhi serikali ya Uchina. Wasimamizi hao waliohusika katika barua walikuwa watu wa Magharibi. Hawakuwa wamesubiri kuamrishwa.

Sina kiburi cha kulisema hili kwa sauti ya juu. Walenisi ya Katama Mkangi ilipotoka mwaka 1995, ikiwa na Dzombo wake anayerushwa angani kama adhabu, wengi wetu tuliipokea kwa furaha kama istiari ya utawala dhalimu, na chombo cha angani tukakipita haraka kama mtu anavyopita baraza la nyumba. Miaka kadhaa baadaye mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti juu ya wasomaji wa hadithi za majini na safari za angani: jinsi wanavyoazimana vijitabu, wanavyobishana, wanavyobuni miisho mingine. Nilimwambia kuwa hilo si suala la fasihi, pengine aende sosholojia. Aliandika juu ya matumizi ya methali, akafaulu vizuri. Pendekezo lake la kwanza ningali nalo kwenye faili, kurasa nne, na pambizoni mna mwandiko wangu mwekundu.

Wale sita, kwa mujibu wa simulizi zilizobaki, waliipitisha sehemu ya mchana huo katika mkahawa karibu na ukumbi, wakiongea na wajumbe waliotoka kuwatafuta. Kornbluth ndiye aliyekuwa mdogo kwa wote. Siku hiyo alitimiza miaka 16.