Ndege Aliyeletwa Kufagia Mji

Vijana wa Kariakoo, Dar es Salaam, wakiniona namtazama kunguru juu ya nguzo ya umeme huniambia huyu ndege yupo tangu enzi. Hapana. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa kwa meli, na aliyemleta anatajwa kwa jina. Habari za Unguja zinamtaja Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza aliyeshika kazi kisiwani 1891, mwaka mmoja baada ya Unguja kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Taka zilikuwa zimejaa vichochoroni Mji Mkongwe, naye akaagiza kunguru kutoka India, wapatao hamsini, waje wazile. Portal alifariki mapema 1894, hata hakuona alichokianzisha. Kufikia 1917 serikali ya hapo hapo Unguja ilishamtangaza kunguru kuwa ndege mharibifu.

Bara alikuwapo kunguru wetu wa asili, yule mkubwa mwenye kifua cheupe. Alikuwa mtulivu, anatembea wawili wawili, na akiona watu wengi anaondoka zake. Leo ukitaka kumwona inakubidi utoke mjini kabisa. Mgeni alipofika bara alimfukuza kwa wingi wa jeshi, akapora viota vyake na vya ndege wadogo, akala mayai na makinda. Kila aliyewahi kufuga kuku uani Gerezani au Ilala anajua vifaranga vinavyopotea mchana kweupe.

Kwa nini kunguru huyu mgeni alipapenda hapa Kariakoo kuliko kwingine? Jirani na hapa ni Mnazi Mmoja, uwanda ulioachwa wazi kwa makusudi. Watawala wa kikoloni waliupanga mji kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma, na kati ya Wahindi na Waafrika wakaacha eneo tupu, wakisema ni kwa ajili ya afya. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, kando ya uwanda huo kwenye ardhi iliyokuwa shamba la minazi wakaweka kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na jina la Kariakoo likazaliwa hapo. Soko likaanza 1923. Kwa hiyo mahali pamoja pakawa na uwanja mpana wenye miti, nyumba za makuti zisizo na mifereji, na soko la chakula linalomwaga mabaki kila jioni. Ungetaka kumjengea kunguru mji wake usingepanga vizuri zaidi.

Mimi nilikulia Mtaa wa Mkunguni, hatua chache kutoka sokoni, na silaha yetu ilikuwa manati. Ilitengenezwa kwa uangalifu ambao mafundi wa leo wangeuheshimu. Panda ilitoka kwenye mpera, kwa kuwa mpera haupasuki. Tulizifunga ncha zake kwa uzi zikaribiane, tukaikausha juu ya moshi jikoni mpaka ganda likawa la kahawia. Mpira ulikatwa kwa wembe kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, vipande viwili vyenye upana wa kidole, na ole wako kipande kimoja kiwe kinene kuliko mwenzake, maana jiwe lingekwenda kando siku zote. Mahali pa kuwekea jiwe tuliweka ulimi wa kiatu cha zamani, uliotobolewa kwa msumari wa moto. Kisha kila kiungo kikafungwa kwa utepe mwembamba wa mpira ule ule, unauvuta mpaka uwe mweupe ndipo unauzungusha.

Kwa manati hiyo shomoro na njiwa walianguka. Kunguru hakuanguka. Ukiinama kuokota kokoto tu ameshaondoka. Ukitembea mikono mitupu anakuacha upite karibu naye kabisa. Upanga na upande wa Uhindini kulikuwa na wenye bunduki za upepo, na sisi watoto tulizitamani kwa moyo wote. Jirani mmoja aliruhusu tumtazame. Aliivunja bunduki katikati, akausukuma mtutu chini mpaka springi ikanasa kwa mlio, akatia kirisasi chenye kiuno chembamba kisichozidi punje ya mahindi, akaifunga, akalenga kunguru juu ya tangi la maji. Ndege alianguka. Muda mfupi baadaye anga la mtaa mzima likajaa kunguru wakipiga kelele na kushuka mmoja mmoja kichwani kwake, ikambidi akimbilie ndani. Tangu siku ile akipanda juu ya paa tu makelele yanaanza, awe ameshika bunduki au fagio. Kunguru huukumbuka uso wa mtu, na habari yake huifikisha kwa wenzake. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema wazee, na ndege huyu ameufanya woga huo kuwa elimu ya ukoo.

Namna nyingine ya kupambana na ndege niliiona Rufiji kwa bibi yangu mzaa mama, nayo ni kongwe kuliko bunduki zote. Bondeni kule, mpunga ukianza kutoa masuke, familia ilihama kijijini na kwenda kuishi shambani kwenye dungu, kijumba cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi na paa la nyasi. Kutoka kwenye dungu zilitandazwa kamba kuelekea pembe zote za shamba, zimefungwa makopo na vipande vya bati. Ndege wakitua, mtu anavuta kamba na upande ule mzima unalia. Wakizidi, anasimama na kombeo lake, anazungusha donge la udongo juu ya kichwa na kuliachia. Bibi alikuwa na shabaha, lakini sikumwona hata siku moja akihesabu ndege aliowaua. Alihesabu siku. Hatari kubwa ni pale punje inapokuwa na maziwa, laini, inaminyika kwa mdomo wa ndege mdogo kabisa. Ikishakauka, wengi huiacha. Na katika siku hizo saa za kazi ni mbili: alfajiri ndege wakiamka na njaa, na alasiri kabla hawajaenda kulala. Mchana watu walisuka ukili na kupika. Kuwinga ndege ilikuwa kazi ya kuwapo pale.

Ndiyo maana Operesheni Rufiji iliuma. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vipya vya juu, penye usalama, shule na zahanati. Nia ilikuwa njema na wengi walizihitaji huduma zile. Lakini mashamba yalibaki chini, mbali, na mtu aliyekuwa akilala kwenye dungu sasa alitakiwa kutembea mwendo mrefu kufika. Ndege, nguruwe na ngedere hawakuhamishwa. Wazee wa upande ule walisema wazi kwamba wanyama na ndege ndio waliofaidi.

Kuna ndege ambaye hata dungu halimwezi, naye ni kwelea kwelea wa Dodoma, Singida na mabonde ya mpunga ya Mbeya. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, ambazo si kitu. Lakini hatembei mmoja. Wakiwa milioni moja wanamaliza tani 10 kwa siku, na makundi yao huzidi hapo. Kwa huyo ilianzishwa vita ya ndege za kumwagia dawa, chini ya shirika la nchi za Afrika Mashariki la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO-EA, lililoundwa 1962. Rubani huruka jioni juu ya mahali wanapolala na kumwaga sumu iitwayo fenthion. Dawa hiyo huua pia bundi na mwewe wanaokuja kula mizoga, gharama ambayo haiandikwi kwenye hesabu ya mavuno. Watu wa Kondoa wao wamewanasa kwelea tangu zamani, wakawala na kuwauza, na kwangu hiyo ni hekima inayostahili fedha za utafiti kuliko inavyopewa.

Nirudi mjini, kwa sababu hapa ndipo hesabu yangu ilipo. Mnamo 1975 Kariakoo ilipata soko jipya, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lenye miavuli mikubwa ya zege iliyobuniwa kukinga maji ya mvua. Jengo lile ni fahari mpaka leo, hata baada ya moto wa Julai 2021. Lakini taka zilizidi uwezo wa kuzizoa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walishinda kesi Mahakama Kuu dhidi ya dampo lililokuwa likiwachoma kwa moshi. Hatimaye dampo likapelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu ndogo sana tu ya taka za jiji ilikuwa ikizolewa, ikabidi ifanyike kampeni ya dharura. Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo, nikipita Mtaa wa Kongo kila asubuhi, na niliona mbingu ikibadilika. Jioni kunguru walikatiza juu ya Mnazi Mmoja kuelekea kwenye miti mikubwa ya upande wa bahari, mkondo mmoja usiokatika, mpaka magharibi ikaadhiniwa na bado wanapita.

Unguja walitangulia kupambana. Kati ya 1990 na 1995, kwa msaada wa Finland, mitego ilipunguza kunguru wa mjini kwa kiasi kikubwa. Fedha zikaisha, mitego ikasimama, kunguru wakarudi. Dar es Salaam ikafuata mwishoni mwa muongo huo, kupitia WCST, chama cha wahifadhi wa wanyamapori kilichoanzishwa 1988. Mtego wenyewe ni kizimba cha wavu kirefu kuliko mtu, chenye uwazi juu ambao ndege anaingia kwa kufunga mabawa, akishayafungua hawezi kupenya tena. Ndani huachwa kunguru hai, maji, kivuli na matumbo ya kuku. Kunguru huyo wa ndani ndiye anayewaita wenzake. Asipotunzwa mtego haufanyi kazi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuja kila siku.

Ikaongezwa sumu, Starlicide, inayochanganywa na nyama. Haiui papo hapo. Inaharibu figo, na ndege anakufa saa nyingi baadaye, akiwa kwenye miti anakolala. Hapo ndipo ilipoipita bunduki ya upepo: waliobaki hawaoni uhusiano kati ya nyama ya asubuhi na maiti ya usiku, kwa hiyo hawamjui adui wao. Nakumbuka asubuhi ambazo wafagiaji waliwakuta wamezagaa chini ya miti. Mji ulipumua kwa muda. Msukumo ulipolegea, walijaa tena. Kenya nayo ilitangaza Juni 2024 kuondoa kunguru milioni moja wa pwani kabla mwaka haujaisha, kwa dawa ile ile.

Siipingi mitego, wala sumu ikiwa mikononi mwa watu waliofunzwa. Ninachokiona katika historia hii ni kwamba Portal alimleta kunguru badala ya kuzoa taka, na tangu hapo kila kizazi kimemuua kunguru badala ya kuzoa taka. Bibi yangu alijua saa ambazo ndege anakula, akawa pale kabla yake. Kunguru wa Kariakoo naye ana saa zake: anaamka kukiwa bado na giza kidogo, na kabla jua halijachomoza yuko juu ya marundo ya mabaki ya jana pembeni mwa mitaa ya Tandamti na Mkunguni. Gari la taka likifika saa tatu, amekwisha kula na kulisha makinda. Mabaki hayo yakizolewa yote usiku, barabara zikaoshwa kabla ya adhana ya alfajiri, na mitego ikaendelea kutunzwa mwaka mzima na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, makinda wengi hawatakua. Wachukuzi na mamantilie wa pale tayari wako kazini saa kumi usiku.