Bahasha Ambazo Hazikufika Mwezini

Mkusanyaji wa stempu akionyeshwa bahasha yenye saini ya mwanaanga, swali lake la kwanza huwa: je, ilisafiri? Ikiwa imefika mwezini, bei hupanda. Ikiwa imebaki duniani, huhesabiwa ya daraja la pili. Makala haya yanapinga kipimo hicho. Uzito wa kihistoria wa bahasha hutokana na sababu ya kutiwa saini, wala si umbali iliokwenda.

Julai 1969, wakiwa karantini kabla ya safari ya Apollo 11, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walitia saini rundo la bahasha, wakamwachia mtu wanayemwamini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha zinagongwa muhuri wa posta siku mbili: tarehe 16, chombo kiliporuka, na tarehe 20, kilipotua. Wasingerudi, familia zao zingeziuza zipate cha kuishi. Ndiyo sababu wakusanyaji huziita bahasha za bima, na wanaanga wa safari zilizofuata, hadi Apollo 16, waliendeleza desturi hiyo. Siku zizo hizo, Ikulu ya Marekani ilikuwa na hotuba ya maombolezo iliyokwisha kuandikwa, tayari kwa Rais Nixon kuisoma maafa yakitokea. Hotuba ile iliandaliwa kwa ajili ya taifa. Bahasha ziliandaliwa na akina baba watatu kwa ajili ya wake na watoto wao, na kwa hilo zinatuambia mengi zaidi.

Lakini kuna bahasha za Apollo 15 zilizofika mwezini kweli. Mwaka 1971 David Scott, Alfred Worden na James Irwin walibeba takriban 400 bila idhini. Mia moja kati ya hizo zilimfikia Hermann Sieger, mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani Magharibi, naye akaziuza. Kila mwanaanga angepata kama dola 7,000, fedha walizokusudia ziwe akiba ya watoto wao. Fedha hizo walizirudisha, hata hivyo NASA iliwakaripia mwaka 1972, na hakuna hata mmoja wao aliyeruka tena angani. Bahasha zilizozuiliwa na serikali zilirejeshwa kwao mwaka 1983, baada ya Worden kwenda mahakamani.

Basi wasiwasi ulikuwa uleule: mustakabali wa familia. Anayezithamini bahasha hizi kwa vumbi la mwezi peke yake anaiacha habari hii yote nje.

Kipimo cha umbali kina hatari nyingine: hakisemi lolote kuhusu uhalisi wa saini. NASA ilitumia mashine za kuiga saini ili kujibu maombi mengi ya umma, na Armstrong aliacha kuwasainia watu mwaka 1994, jambo lililopandisha bei na kuwashawishi waghushi. Makumbusho na nyumba za minada zingefanya vyema kuchapisha, kando ya kila bahasha, nani aliitia saini, lini, kwa nia gani, na imepitia mikono ya nani tangu siku hiyo.