Daftari la Mgeni na Masimulizi ya Ufipa

Mtu anayetaka kujua Wafipa walisimuliana nini zama za ufalme wao hana budi kuanzia katika daftari za wageni. Neno hili halipendezi, lakini ndivyo lilivyo. Askofu Adolphe Lechaptois, wa Mapadri Weupe wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika, alitoa kitabu chake juu ya nchi hizi mwaka 1913, kwa Kifaransa. Kisha kati ya mwaka 1962 na 1964 alikuja Roy Willis, Mwingereza mtaalamu wa mila na jamii, akakaa Ufipa akiandika aliyoyaona na aliyoyasikia. Hadithi alizokusanya zilichapishwa katika kitabu mwaka 1978, na kitabu chake juu ya dola ya Wafipa kilifuata mwaka 1981.

Katika habari alizozichunguza, iliyo maarufu kupita zote ni ile ya Milansi. Wanawake watatu wageni walifika huko mfalme akiwa ameondoka kuwinda. Wakaketi katika kiti chake na kudai nchi. Aliporudi hapakumwagika damu: wao, ambao ndio asili ya ukoo wa Watwa, walipewa utawala, naye mwenyeji akabaki na heshima ya dini na matambiko. Baadaye Watwa nao waligawanyika, zikatokea dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Willis alieleza mwaka 1967 kwamba Milansi ni mfano wa kichwa, na Watwa ni mfano wa kiuno. Mwili hauishi kwa kimoja bila kingine. Mimi naona jambo jingine pia, nalo ni kwamba katika hadithi hii nchi ilihama mikono kwa maneno, si kwa mikuki. Watu wenye asili kama hiyo hawawezi kuyadharau maneno.

Basi ni ajabu kwamba maneno yao yamehifadhiwa kwa Kiingereza, katika vitabu ambavyo mwanafunzi wa Sumbawanga ni nadra kuviona. Tusimlaumu Willis, yeye alitenda kazi yake. Lakini daftari la mtaalamu lina ububu wake: anayeandikwa hawezi kumjibu mwandishi.

Ububu huo ulianza kuvunjika mwanzoni mwa karne hii, Ndesanjo Macha alipoandika kwa Kiswahili katika blogu yake, Jikomboe, na Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha yake ya picha na habari mwaka 2005. Blogu ni shajara iliyo wazi. Mwandishi huweka leo fikira zake, kesho msomaji humsahihisha au humkebehi, naye hurudi kujibu. Waliokulia katika masimulizi ya jioni hawataona geni hapo, kwani msimulizi asiyeitikiwa hunyamaza. Kweli, mlango huo haukubaki wazi bila kizuizi. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipia leseni, kwa ada iliyowashinda wengi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi tu.

Vijana wa leo huchora kwa kompyuta na kurekodi kwa simu, wala hawamngojei mtaalamu kutoka Ulaya. Hapo nawasifu, ila nina hofu moja, nami naisema kwa kuwa yalinipata. Niliwahi kurekodi kwa simu mzee mmoja, kijiji si mbali na mji wa Sumbawanga, akisimulia kwa Kifipa habari za malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zilizoyeyushia chuma. Alieleza kwa saa nzima, hata miiko ya wafuaji. Nilirudi kwa baiskeli katika mvua ya Januari, simu mfukoni. Ilikufa siku ile ile, wala sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Mwaka uliofuata nilirudi na daftari la karatasi. Mzee alikuwa amekwisha kuzikwa. Mjukuu wake alinikaribisha vizuri, akanisimulia nusu ya habari zile, tena kwa Kiswahili. Majina ya miiko hakuyajua.