MISA LUBA: WIMBO ULIOTOKA KAMINA

Wakristu wengi huuliza kama ngoma ya mababu inafaa kuingia kanisani. Huko Kamina, katika Katanga, watu walijibu kwa kuimba.

Padri Guido Haazen, Mfransiskani wa Ubelgiji, alikusanya vijana wa masomo wapata 45 na walimu wapata 15. Kikundi kikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 23 Machi 1958 wakaimba Misa Luba mara ya kwanza katika misioni ya Kamina. Mwaka ule ule wakasafiri Ulaya, wakaimba Bruxelles kwenye maonyesho makubwa ya mataifa.

Misa hiyo ilitungwa namna gani? Maneno ni ya Kilatini, yale yale ya Roma. Sauti ni za Kongo. Kyrie ilifuata kasala, wimbo wa kilio wa Baluba. Sanctus, wimbo wa kuagana. Hosanna, mdundo wa ngoma ya Kasai. Agnus Dei, wimbo wa Bena Lulua. Katika Credo, wakifika Crucifixus, ngoma inapiga habari ya kifo, kama kijijini. Hakuna haja ya mkalimani: Bwana amekufa. Tena haikuandikwa kwanza katika noti. Waimbaji waliitunga wakiimba, mmoja akiita, wengine wakiitikia.

Kampuni ya Philips ikaitia katika santuri. Wimbo ukasikika hata katika sinema ya Pasolini juu ya Injili ya Matayo (1964) na ile ya Lindsay Anderson, If.... (1968). Hivyo vijana wa Ulaya waliusikia pamoja na nyimbo zao za gita.

Lakini deni limebaki. Jina lililojulikana ni la padri. Kazi yake si ndogo: alikusanya, akapanga. Walakini nani anamkumbuka Joachim Ngoi, mwalimu aliyeongoza kwa sauti yake? Na wale watoto?

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka 1988 Roma ikakubali Misa ya namna ya Zaire. Heshima ya wimbo ni pamoja na heshima ya mwimbaji.

Nasi wa Kalembe, kati ya Masisi na Walikale, tuna nyimbo za Bahunde na Banyanga. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke, Mnyanga, alisimulia na kuimba habari za Mwindo kwa siku 12. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, jina lake liliandikwa ndani. Basi katekista anayepokea wimbo wa mzee kijijini na kuuleta kanisani, aandike na jina la mzee yule.