Tukae Wapi Tunduma? Historia Fupi kwa Wanaotaka Kuhamia

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya mji wa Tunduma, ambako nimefanya kazi ya Serikali kwa miaka sita sasa. Nimelikubali ombi hilo kwa furaha, maana kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani hapakosi ndugu mmoja au wawili wa kunivuta kando na kuniuliza, "Bwana, nimepata uhamisho wa Tunduma. Nikae mtaa gani?" Wengine hawana uhamisho wowote, bali wamesikia habari za biashara ya mpakani na wanatafuta kiwanja.

Ningeweza kuwatajia jina la mtaa mmoja na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini nilisoma Historia Chuo Kikuu, na tangu hapo nimeamini kwamba mtu hawezi kuchagua mahali pa kukaa kwa busara asipojua mji wenyewe ulizaliwa vipi. Madhumuni ya makala haya basi ni kueleza kwa kifupi asili ya Tunduma, kisha kutoa ushauri unaotokana na historia hiyo.

WAZEE WETU WALIVYOCHAGUA

Miji mikongwe ya nchi yetu aghalabu ilizaliwa penye maji. Pangani umekaa mdomoni mwa mto wenye jina hilo hilo, na mto ndio unaoamua mtu ni wa upande gani: kaskazini ni mji mkongwe, kusini ni Bweni. Ujiji uliota kando ya Ziwa Tanganyika. Bagamoyo, Kilwa na Mikindani ni watoto wa bahari. Katika miji ya namna hiyo anayetafuta nyumba huanza kwa kuuliza habari za maji na upepo.

Huku kwetu nako wazee walifuata maji. Mkoa wetu wa Songwe umepewa jina la mto, na mito yenye jina hilo ni miwili. Mmoja unateremkia Ziwa Rukwa. Wa pili unakwenda Ziwa Nyasa, na ndio mpaka wetu na ndugu zetu wa Malawi. Uko pia Mto Momba, ambao nao humwaga maji yake Rukwa. Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali wa Ileje na Wawanda wa bonde la Rukwa, wote walikuwa na sababu zao za kukaa walipokaa. Chemchemi isiyokauka ilikuwa ya kwanza. Baada yake ulitazamwa udongo wa ulezi, kisha miti. Kwa Wanyiha, waliokuwa wahunzi hodari wa kuyeyusha chuma, miti ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa tanuri la chuma hula makaa mengi.

Katika karne ya 19 ikaongezeka sababu nyingine, nayo ni usalama. Njia kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa njia ya misafara, ya wafanyabiashara ya pembe na watumwa, na ya wavamizi. Vijiji vingi vikazungushiwa ngome za magogo. Basi utaona kwamba swali la "tukae wapi" si geni kwetu hata kidogo. Wazee walilijibu mara nyingi, na jibu lilibadilika kadiri hatari zilivyobadilika.

MSTARI WA MWAKA 1890

Mnamo tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba mjini Berlin. Ni mkataba ule ule ambao Wajerumani waliachiwa kisiwa cha Heligoland na Waingereza wakapata ulinzi wa Zanzibar. Katika kifungu chake cha kwanza mabwana hao waliuchora mpaka wetu. Ulianza mdomoni mwa Mto Songwe kwenye Ziwa Nyasa, ukapanda na mto huo, kisha ukauacha mto na kufuata ukingo wa bonde la Kongo, na mwisho ukaenda kukutana na Mto Kalambo unaoingia Ziwa Tanganyika. Waingereza walishikilia sana kwamba njia iliyoitwa Stevenson Road, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wao.

Naomba msomaji atulie kidogo kwenye maneno hayo, "ukingo wa bonde la Kongo". Maana yake ni mgongo wa nchi unaogawanya maji. Mvua inayonyesha kusini mwa mgongo huo huingia Mto Chambeshi, ikapitia Ziwa Bangweulu, ikafika Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha kaskazini huteremkia Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto wa kulitoa maji. Tunduma uko juu ya mgongo huo. Kwa maneno mengine, mahali pa mji wetu palichaguliwa na watu waliokuwa Ulaya, nao hawakutafuta penye maji. Walitafuta pale maji yanapoachana. Mpaka ungefuata mto, mji wa mpakani ungekuwa mji wa mtoni. Umefuata mgongo, na kwa hiyo shida ya maji ya Tunduma, ambayo kila mkazi anaijua, ina umri sawa na mpaka wenyewe.

Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili walipita kuweka alama ardhini. Hakuna aliyewauliza Wanyamwanga, ambao mashamba na makaburi yao yalikuwa pande zote mbili. Hata leo Mnyamwanga wa Momba ana wajomba Nakonde, na mpaka kwake ni kitu cha kuvuka akienda msibani.

Mstari huo uliwahi kuleta vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza eneo hili lilikuwa uwanja wa mapigano. Mwishoni mwa mwaka 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita na askari wake Mbozi, penye misheni ya Wamoraviani iliyoanzishwa mwaka 1899, akashambulia kituo cha Waingereza cha Fife ng'ambo ya mpaka, akasonga mbele mpaka Kasama. Huko ndiko habari za kusimamisha vita zilikomfikia, na tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Wazee wetu waliobeba mizigo ya majeshi hayo hawakuandikwa katika vitabu kwa majina yao.

Baada ya vita nchi zote mbili zikawa chini ya Mwingereza, na mpaka ukalegea. Vijana wengi wa kusini-magharibi walivuka kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kwao Tunduma palikuwa mahali pa kupita, na desturi hiyo haijatutoka.

BARABARA, BOMBA NA RELI

Mji tunaouona leo ni mtoto wa Uhuru. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao wa hila, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilipita kusini, ikabanwa. Njia ya kujinasua ilikuwa kuelekea Dar es Salaam, na mlango wa njia hiyo ni Tunduma.

Mambo matatu yalifuatana upesi. Kwanza, bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Pili, barabara kuu, ambayo madereva wa malori walikuwa wameipa sifa mbaya kwa matope na ajali, ilijengwa upya na kuwekwa lami kati ya 1968 na 1973. Tatu, reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa mkopo wa China usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kilomita 975 ziko Tanzania, na stesheni ya mwisho upande wetu ni Tunduma.

Wakati huo huo, kati ya 1973 na 1976, wananchi wa vijijini walihamia vijiji vya pamoja. Vingi viliwekwa kando ya barabara ili huduma zifike kwa urahisi, na ni kweli kwamba shule na zahanati zilifika. Lakini baadhi ya watu waliacha chemchemi zao nyuma. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao. Mama alikuwa amezoea kuchota maji nyuma ya nyumba. Baada ya kuhama alikwenda na ndoo mwendo wa saa nzima. Hajapata kulilaumu jambo hilo mbele yetu, ila kila anapofika nyumba ngeni macho yake hutafuta maji kabla ya kiti.

MITAA YA LEO

Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Tunduma watu 97,562. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 219,309. Kwa miaka kumi mji umezidi mara mbili. Tazama majina ya kata: Majengo, Kaloleni, Uwanjani, Muungano, Sogea. Majina ya namna hiyo utayakuta katika miji mingi ya Tanzania. Ni mji wa wageni waliokuja na majina yao.

Kwa ushauri wangu, anayechagua mtaa ajiulize amevutwa na kipi kati ya vitu vilivyouzaa mji.

Akivutwa na mpaka, atakaa mitaa iliyobanana karibu na Nakonde, ambako shilingi na kwacha hubadilishwa kama kubadilishana salamu. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Marais Magufuli na Lungu, ukaguzi unafanyika mahali pamoja, na kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi. Kwa mfanyabiashara ni mahali pazuri. Kwa mwenye watoto wadogo pana kelele, pana msongamano, na nyumba zimekaribiana mno. Anayenunua huko na ahakikishe kiwanja kimepimwa na kiko mbali na vigingi vya mpaka. Neno la dalali tu lisimtoshe.

Akivutwa na barabara, ajue kwamba foleni ya malori siku mbaya huenea mbali sana, na mtoto anayevuka barabara kwenda shule hupita katikati ya malori hayo. Nyumba iliyo upande mmoja na shule ina faida kuliko nyumba nzuri iliyo ng'ambo.

Akivutwa na reli, na awe na subira. Treni zimepungua sana zikilinganishwa na miaka ya mwanzo. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitiliana sahihi mjini Beijing makubaliano ya kuifufua, na wenye viwanja karibu na stesheni wanatumaini. Mimi nasema tumaini ni jambo jema, lakini lisinunuliwe kwa fedha za ada ya watoto.

Wapo pia wanaopenda Vwawa, makao makuu ya Mkoa tangu ulipoanzishwa mwaka 2016. Huko kuna utulivu, kuna mashamba ya kahawa ya Mbozi jirani, na ofisi nyingi. Lakini afanyaye kazi Tunduma atakuwa mtu wa kuamkia kwenye basi kila siku.

Mimi mwenyewe, nilipopata uhamisho, nilikuwa nimeonyeshwa nyumba mbili. Moja ilikuwa karibu na mpaka, dakika kumi kwa miguu mpaka ofisini. Nyingine ilikuwa upande wa Mpemba, njia panda ya kwenda Isongole katika Ileje. Mama alikuwa amekuja kututembelea, nikamchukua akazione. Katika ile ya kwanza alimuuliza mwenye nyumba, "Baba, maji mnapata wapi?" Akajibiwa kwamba yananunuliwa kwa madumu, bei kutegemea siku. Katika ile ya pili alionyeshwa kisima uani. Alishusha ndoo mwenyewe, akaonja, akasema, "Hapa wajukuu watakaa." Tukapanga hapo. Nalipa nauli kila siku na sijutii, maana mke wangu haamki usiku kugombania foleni ya bombani.

NENO LA MWISHO

Iko kasoro moja katika mji wetu ambayo haitaondolewa na barabara wala reli. Wengi wetu tunakaa Tunduma kama abiria. Mtumishi anangoja uhamisho, mfanyabiashara anangoja mzigo, dereva anangoja muhuri. Mikutano ya mtaa inahudhuriwa na wazee wachache, na panapojadiliwa chanzo cha maji kinacholimwa mpaka ukingoni, wenye elimu hatupo. Watoto wetu lakini si abiria. Binti yangu wa mwisho alizaliwa hapa, na akiulizwa kwao ni wapi hutaja Mpemba.

Kwa hiyo, ndugu zangu tuliosoma pamoja, popote utakapochagua, jiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, panda miti uani, na nenda mkutanoni. Kwenye mkutano wetu wa mwaka huu nitakuwapo kwa siku zote mbili. Mwenye kutaka kujua zaidi juu ya viwanja vilivyopimwa, au juu ya kina cha visima katika kata mbalimbali, na anitafute wakati wa chakula cha mchana. Nawatakia nyote safari njema ya kuja.