Mlimani na Ikulu: 1966 mpaka 1978

Wiki hii hapa hosteli mjadala ni mmoja tu: vijana tushirikishwe kutunga sera za nchi. Kila mtu anasema "tushirikishwe", lakini ukiuliza kwa njia ipi, watu wanaanza kutazamana. Nikasema ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kaka na dada zetu waliosoma hapa kabla yetu walishajaribu, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwepo tangu 1963, lakini kwa kujitolea. Sasa serikali ikataka wasomi walitumikie kwa lazima miaka miwili: sehemu kambini, na muda uliobaki kazini huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Wakavaa majoho yao, wakabeba mabango, wakaandamana mpaka Ikulu. Bango moja lilisema afadhali enzi za mkoloni. Jamani, miaka mitano tu baada ya Uhuru!

Mwalimu Nyerere akawapokea uwanjani. Wakamsomea tamko lao: masharti yasipobadilika, miili yetu itakwenda kambini lakini roho zetu zitabaki nje. Mwalimu akawaka. Aliwajibu kwa hesabu ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa stori nzima. Yeye alikuwa analipwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mtu wa shilingi 200 kwa mwezi ingemchukua miaka 25 kupata anachopata Rais kwa mwaka mmoja. Pigeni wenyewe: 5,000 mara 12 ni 60,000, gawanya kwa 200, unapata miezi 300. Palepale akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikaguswa pia. Wanafunzi 393 wakafukuzwa, wakarudi makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye.

Watu wengi wanaishia hapo: watoto wa wakulima walijisahau, wakaadabishwa. Lakini ukitazama vizuri, maandamano yale yaligusa sera, ila siyo ile waliyoiendea. Suala la tofauti ya kipato kati ya wakubwa na wananchi likawekwa mezani mbele ya taifa zima. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba. Sisemi Azimio lilitokana na maandamano, lilikuwa na mizizi yake mingi. Nasema yalisaidia kuonyesha kidonda kilipo.

Halafu ikaja njia ya pili, ya kalamu. Mwaka 1967 kikaundwa hapa chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni, yule aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka 1986. Wakaanzisha jarida la Cheche. Mwaka 1970 Issa Shivji akaandika humo uchambuzi mrefu akiuliza swali gumu: haya mashirika yaliyotaifishwa, nani hasa anafaidi? Mwaka huohuo chama na jarida vyote vikapigwa marufuku. Lakini uchambuzi ule ukachapishwa tena nje ya Cheche, na hadi leo bado unasomwa.

Sasa sikieni ya Machi 1978, ndiyo inayoniuma zaidi. Bunge lilikuwa limepitisha nyongeza ya mishahara na marupurupu kwa wabunge na viongozi. Wanafunzi wa Mlimani wakaandamana kupinga. Hoja yao ilikuwa nini? Ilikuwa ileile ya Mwalimu ya 1966! Kwamba wakubwa hawawezi kujiongezea wakati mkulima hana kitu. Safari hii hawakudai chochote cha mfukoni mwao. Walisimama juu ya Azimio lenyewe. Majibu? Wanafunzi wapatao 350 wakafukuzwa, na chama chao huru kikavunjwa. Mahali pake ikawekwa MUWATA, iliyokuwa chini ya mbawa za chama tawala.

Kwa hiyo waliojidai wenyewe walifukuzwa, na waliowatetea wengine nao walifukuzwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana tukiwa na hoja nzuri tutasikilizwa tu. Wenzetu wa 1978 hoja walikuwa nayo, nzuri kabisa. Walichokosa ni mlango wa kuingilia kabla uamuzi haujapita. Mara zote mbili walifika wakati mambo yameshaiva jikoni, na kilichobaki ni kula au kususa.

Leo karatasi zipo. Sera ya kwanza ya maendeleo ya vijana ilitoka 1996, ikafanyiwa mapitio 2007. Sheria ya Baraza la Vijana ikapitishwa 2015. Katiba inaruhusu kupiga kura ukiwa na miaka 18 na kugombea ubunge ukiwa na 21. Lakini niambieni ukweli, ni wangapi kati yetu tumewahi kusoma muswada mmoja kabla haujawa sheria? Tukikaa vijiweni ni bumu, mechi na mitihani. Muswada tunausikia ukishasainiwa, halafu ndio tunapandisha mori.

Mimi naona tuanzie hapo. Tuwe na kikundi kidogo cha kusoma miswada, tuandike maoni yetu kwa lugha inayoeleweka, tuyapeleke kwenye kamati za Bunge mapema, tena yenye hesabu kama ile ya miezi 300. Tukikataliwa, basi angalau yatabaki kwenye maandishi. Nani yuko tayari? Tukutane baada ya tesiti.