Kodi, Chifu na Hesabu: Serikali Ilivyowafikia Watu wa Mbale na Jinja

Mtu aliyeuanzisha mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, hakuwa Mgisu wala Mwingereza. Alikuwa Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda, aliyeshiriki kuwakamata wafalme Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro huko Lango mwezi Aprili 1899. Mengo, makao makuu ya Buganda, hapakuwa na nafasi yake tena, kwa kuwa Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa hakutaka mshindani, hivyo akaelekea mashariki na jeshi lake. Kwa muda mfupi aliiweka nchi iliyoitwa Bukedi chini ya ngome zake. Alipanda migomba, akachonga barabara, na karibu kila alikopita alimwacha mfuasi wake wa Kiganda awe mkubwa wa watu ambao hadi juzi yake hawakumjua.

Kwa wenyeji, hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Wagisu waliongozwa na wazee wa koo, na amri ya mzee haikuvuka mbali na ukoo wake. Wasoga walikuwa na watawala, wengi tu, kila mmoja na himaya yake: Bulamogi, Bugabula, Kigulu, Luuka, Bukooli. Lakini mtawala huyo alikuwa mtu wa pale pale, na watu walijua alikotoka na walipozikwa baba zake. Kakungulu alileta mgawanyo wa Kiganda wa saza, gombolola na muluka, kutoka eneo kubwa hadi dogo, ngazi ambayo amri ilishuka nayo na kodi ikapanda nayo. Kodi ya kibanda, ambayo Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliiweka kuwa rupia 3, ilisambaa hadi huku, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake.

Waingereza walimtumia, kisha wakamweka kando. Walimwondoa kwenye ngome yake ya Budaka, wakampa maili 20 za mraba pale Mbale, na mji alioujenga uliponoga na soko lake kujaa, mwaka 1904 wakaufanya kituo cha serikali. Mwaka 1906 walimpeleka Busoga awe rais wa Lukiiko (baraza la wakuu), makao yakiwa Jinja, akakaa hadi 1913. Alirudi Mbale akiamini kwamba amedhulumiwa, akaachana na dini ya wakubwa wake, na mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, yaani wafuasi wa dini ya Kiyahudi, inayoishi karibu na Mbale hadi leo. Alifariki mwaka 1928. Yeye aliyewapelekea wengine serikali wasiyoiomba alimaliza maisha yake akiinung'unikia serikali hiyo hiyo.

Busoga aliyoikuta Kakungulu mwaka 1906 ilikuwa katika msiba. Ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, Busoga na Buganda, katika miaka ya mwanzo ya karne ile. Serikali iliamuru mwambao uhamwe. Amri hiyo iliokoa maisha, na haki yake lazima itajwe. Lakini waliohamishwa waliacha makaburi, mashamba na uvuvi wao bila kuulizwa, na ardhi yao ikabaki pori kwa miaka mingi. Hata serikali ilipofanya jema, ilifika kwa sauti ya amri.

Nusu karne baadaye hali ya chifu ilikuwa ngumu zaidi. Mwanaanthropolojia Lloyd Fallers, aliyeishi Busoga kati ya 1950 na 1952, alimkuta chifu akivutwa huku na huku: mkuu wa wilaya alimtaka atimize kanuni na mshahara ulitoka juu, huku ndugu zake wakitegemea awakumbuke kama damu inavyodai. Akiwaridhisha ndugu, anafukuzwa kazi. Akiitii kanuni, anaitwa msaliti nyumbani.

Kodi ndiyo iliyoupasua uhusiano wa chifu na watu wake. Katika miaka ya 1950 kila mwanamume alianza kutozwa kulingana na mali yake. Wakadiriaji, chifu akiwa mbele yao, walitazama ng'ombe, shamba la pamba, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kisha wakaandika kiwango. Jirani mwenye mali ile ile lakini aliye karibu na chifu aliweza kuandikiwa kidogo. Mwenye kulalamika alimlalamikia nani, ikiwa chifu huyo huyo ndiye aliyemwandikia? Januari 1960 Bukedi ililipuka. Umati ulizivamia nyumba za machifu, moto ukawashwa, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Ghasia ziligusa Bugisu pia, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Ninavyosoma tukio hilo, wakulima wale hawakuwa na ugomvi na kuwepo kwa serikali. Walichoka kulipa bila kuoneshwa hesabu na bila kuwa na namna ya kumwondoa aliyewaandikia.

Miaka minne baadaye, tarehe 23 Januari 1964, wanajeshi katika kambi ya Jinja waliasi wakidai mishahara zaidi. Walimshikilia Waziri Felix Onama hadi nyongeza ikakubaliwa, na ingawa askari wa Uingereza waliingia kuirudisha nidhamu, nyongeza ilibaki. Wakulima wa Bukedi walikuwa wamepata tume, na wenye bunduki wakapata fedha. Naona tofauti hiyo ilifundisha taifa changa somo baya kuliko lolote lililofuata, na Idi Amin, ofisa wa jeshi aliyepanda vyeo upesi baada ya maasi yale na baadaye kutwaa madaraka, alilielewa vizuri.

Wagisu walikuwa na silaha yao: kahawa ya arabika. Chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, kiliundwa Mbale mwaka 1954, mwaka ule ule Malkia Elizabeth alipozindua bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja. Kwenye bwawa mwananchi alikuwa mtazamaji. Kwenye kahawa alikuwa mwenye mali. Serikali iliuingilia ushirika huo mara kwa mara, ya kikoloni na ya uhuru pia, kwa sababu fedha zake zilikuwa nyingi na viongozi wake walijibu kwa wakulima kwanza. Enzi za Amin, bei ya serikali ilipokuwa haitoshi hata sabuni, kahawa ilipanda mlima usiku migongoni mwa watu na punda, ikateremkia soko la Chepkube upande wa Kenya. Wakubwa waliiita biashara hiyo magendo. Mimi naona ilikuwa kura ya watu walionyimwa sanduku la kupigia.

Baada ya Yoweri Museveni kushika madaraka mwaka 1986 yalikuja mabaraza ya vijiji, na viongozi walichaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya wagombea. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliagiza asilimia 65 ya mapato yanayokusanywa kwenye gombolola yabaki hapo, na sehemu ishuke hadi kijijini. Kwa mara ya kwanza mlipa kodi aliweza kuuliza kuhusu kisima kilichoahidiwa na kumwuliza mtu aliyemchagua. Lakini ukusanyaji haukubadilika. Wanaume waliendelea kutembea na tikiti ya kodi mfukoni, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni isilowe, na wasiokuwa nayo walijificha kwenye vinamasi askari wa gombolola walipoweka vizuizi njiani.

Mwaka 2005, uchaguzi ukikaribia, kodi hiyo ilifutwa. Watu walishangilia, nami siwalaumu. Ila magombolola yalipoteza mapato yao makubwa, yakaanza kuishi kwa fedha zinazoshuka kutoka Kampala, na diwani akawa na sababu zaidi ya kutazama juu kuliko kutazama wapiga kura wake.

Februari 2022 Rais Museveni alizindua mpango wa maendeleo wa muluka huko Kibuku, katika nchi ile ile ya Bukedi. Kila muluka uliahidiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa shilingi milioni moja. Sasa fedha zinashuka kwa njia ambayo zamani kodi ilipandia, na bado kuna mtu anayekaa na kuandika majina. Orodha hiyo isomwe kwa sauti kijijini, kwa Kigwere, Kigisu au Kisoga, pamoja na kiasi alichopata kila mmoja, na aliyeachwa aruhusiwe kusimama aulize kwa nini, na ajibiwe siku hiyo hiyo.